Sifuri Mbele ya Nane

Kompyuta iliyokaa masika nzima bila kuwashwa ina harufu yake. Ukiiwasha, vumbi lililolala ndani linaanza kuungua taratibu, na chumba kinanuka kama pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Mimi harufu hiyo ikinipata sikai. Nainuka, nafungua dirisha, narudi kwenye kiti, nainuka tena. Wenzangu hapa Kibondo, kwenye hospitali ninayotunza kompyuta zake, wanadhani nina pumu. Nimewaacha wadhani hivyo, maana pumu ni rahisi kuieleza.

Juzi nilikuwa nimeiwasha moja ya zamani, iliyotolewa stoo, ndipo akaja muuguzi mmoja kijana, mtu wa Mwanza, amekasirika. Alikuwa ameingiza namba za simu za akina mama wa kliniki na kila namba imepoteza sifuri yake ya mbele.

"Dada Butoyi, mashine yako imekula sifuri zangu zote!"

"Haijazila. Imeziona hazina kazi, ikazitupa. Iambie kwamba hayo ni maneno, siyo namba, itaziacha."

"Sasa sifuri ya mbele inaidhuru nini?"

Ni swali la kawaida kabisa, na jibu ninalo. Lakini harufu ile ilikuwa imejaa chumbani, na badala ya kumjibu nilitoka nje nikaanza kuzunguka uwanja wa hospitali kama mtu aliyepoteza funguo. Yule kijana alibaki amesimama mlangoni akinitazama. Nafikiri sasa naye ana maoni yake kuhusu pumu yangu.

Wa rika langu, hasa tuliosoma vijijini, mtakumbuka jinsi kompyuta ya kwanza ilivyoingia katika maisha yetu. Haikuja kama chombo. Ilikuja kama mgeni mkubwa. Ya kwetu, upande wa Titye kule Kasulu, ililetwa na gari la wageni wa kanisa, ikawekwa katika stoo ya shule pamoja na majembe na maboksi ya chaki, ikafunikwa kanga. Shule haikuwa na umeme. Kulikuwa na jenereta dogo lililokohoa zaidi kuliko lilivyonguruma, na likiwashwa, stoo nzima ilinuka petroli na vumbi la moto. Wengine walibana pua. Mimi na pacha wangu tuliivuta harufu ile kwa nguvu, tukidhani ndiyo elimu yenyewe.

Pacha wangu, msichana kama mimi, aliitwa Bukuru. Kwetu mnajua majina hayo hayachaguliwi. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na kwa kuwa mimi nilichelewa kidogo kutoka, nikawa mdogo wa maisha. Wazee wangu walikuja kutoka Burundi, wakalima, wakapata uraia, na mambo mengi waliyaacha njiani. Hili la amahasa, yaani mapacha, hawakuliacha. Amahasa hawatengwi. Ukimnunulia mmoja kandambili, mnunulie na mwenzake. Ukimchapa mmoja, mwingine naye umguse japo kidogo. Bibi yetu, aliyekaa nasi, aligawa kiazi kitamu kwa uangalifu wa fundi cherehani, akavilinganisha vipande, na akikuta kimoja kimezidi alikimega na kukila mwenyewe ili viwe sawa.

Mwalimu aliyeshika kompyuta ile aliitwa Mwanaidi. Alikuwa mtu wa Tanga, amepangiwa kwetu na serikali, mwembamba, mwenye ushungi na sauti ya kubembeleza. Tulimpenda kwa sababu alituita wanangu na hakuwa na fimbo. Ila alikuwa na sheria moja ngumu. Huko alikofundisha mwanzo, mtoto mmoja aliandika namba yake ya mtihani bila sifuri za mbele, majibu yake yakaleta matatizo makubwa, na tangu hapo Mwalimu Mwanaidi akaapa. Kwake kila namba ilianza na sifuri.

"Sifuri ni kofia," alituambia. "Namba haitoki nje bila kofia. Mmenielewa wanangu?"

"Ndiyooo!"

Basi tukavisha kofia kila kitu. Saba ilikuwa 07, kumi ilikuwa 010. Hata tukicheza uwanjani tulichora ardhini namba zenye kofia, na waliosahau tuliwazomea.

Siku ya kwanza ya kompyuta tulikaa stoo kwa zamu. Kwenye kioo kulikuwa na vishale vitatu vidogo, na mwalimu alisema hapo mashine inakusikiliza: unaandika, unabonyeza enta, inajibu. Alitufundisha kwanza kugawanya. Aliandika saba kwa mbili, zikiwa na kofia zao, na mashine ikajibu tatu. Ikanyamaza.

"Na kile kimoja?" Bukuru akauliza.

"Kipi mwanangu?"

"Vilikuwa saba. Mimi vitatu, Butoyi vitatu. Kile kimoja kiko wapi?"

Mwalimu alitazama kioo, akamtazama Bukuru. "Labda imekiacha," alisema.

"Imekila," Bukuru akaninong'oneza, na tukacheka mpaka tukatolewa nje kidogo. Leo najua kwamba lugha ile ya kompyuta, enzi zile, ukiipa namba nzima kwa namba nzima ilikurudishia namba nzima, na kilichobaki ilikitupa kimyakimya bila hata samahani. Ziko nyingine ambazo ukijumlisha sehemu moja ya kumi na sehemu mbili za kumi hazikupi sehemu tatu kamili. Zinakupa tatu yenye mkia, sifuri nyingi na kijitu kidogo mwishoni. Watu wazima wamezoea, wanaishi nayo. Lakini kwa mtoto aliyelelewa kwa kiazi cha bibi yangu, kitu kinachogawa saba kwa wawili na kupoteza kimoja bila kueleza ni kitu cha kuogopa.

Kisha mwalimu akasema kila mtu aandike umri wake. Mimi na Bukuru tulikuwa na miaka saba. Niliandika 07, enta, mashine ikasema 7. Bukuru alikuwa na umri uleule lakini hakukubali kunitegemea, akaandika wake, akapata 7 yake, akainua mikono kama aliyefunga goli. Akaja Yohana, mtoto wa katekista, mwenye miaka tisa. Akaandika 09. Kioo kikatoa maandishi mekundu ya Kiingereza. Akarudia, mekundu tena. Mwalimu akamsogeza, akaandika yeye mwenyewe kwa vidole vyake virefu. Mekundu.

"Jaribu nane, Mwalimu," Bukuru akasema.

08. Mekundu.

Kisha Sadoki, mkubwa kuliko sisi wote, mwenye miaka kumi na ndevu za kufikirika, akajipenyeza mbele akisema tuwaachie wanaume. Akaandika 010, akabonyeza enta kwa ngumi. Mashine ikajibu 8.

Tulicheka jamani! Tulimwita mtoto, tukamwambia arudi akanyonye. Mwalimu Mwanaidi pekee hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya kioo, anajaribu hiki na kile, na nilimsikia akisema taratibu, "Mbona hivi?" Sijawahi kumsahau akisema vile. Mpaka siku ile sikujua kwamba mwalimu anaweza kutojua. Petroli ikaisha, jenereta likakohoa likazima, tukarudi nyumbani na swali letu.

Pengine ningelisahau, kama si mambo yaliyofuata. Wiki hiyohiyo Yohana alipanda mparachichi wa jirani, tawi likamwangusha, akavunjika mkono. Halafu mwalimu mkuu akapita madarasani kusikiliza wanaosoma, akamkuta Sadoki hajui kusoma hata sentensi fupi, akamrudisha darasa la chini. Mimi nikaviweka pamoja. Mashine ilimkataa mwenye tisa, akavunjika. Ilimwambia mwenye kumi kwamba ni nane, na kweli akarudishwa kwa wadogo. Kwa akili yangu ya wakati ule haikuhitaji maelezo zaidi: mashine ilikuwa inaona mbele. Mpaka saba wewe ni salama. Baada ya saba kuna shimo, na hakuna anayelivuka akiwa mzima.

Na sisi tulikuwa saba.

Ndipo Bukuru akaanza kuumwa. Hakikuwa kitu kigeni. Tangu mdogo alikuwa na vipindi vyake vya mifupa kuuma na macho kuwa ya manjano. Leo najua jina lake, selimundu, na najua kwamba yeye aliipata na mimi nikakosa, kwa bahati tu. Wakati ule tulisema Bukuru ana mifupa yake. Lakini safari hii mifupa ilikataa kutulia. Mama alimpakia kwenye bodaboda akamkumbatia kama mzigo wa mayai, wakaenda Kasulu mjini hospitalini. Baba alikuwa Kibondo akiuza mihogo mikavu. Akatumiwa ujumbe aje kutoa damu.

Mimi na bibi tulifuata kesho yake. Tulimkuta Bukuru amelala, mkono wa kushoto una dripu na plasta nyeupe. Bibi aliutazama ule mkono, akautazama wangu, akamgeukia muuguzi.

"Na huyu je?"

"Huyu si mgonjwa, bibi."

"Ni amahasa. Mfunge na huyu."

"Bibi, siwezi kumtundikia dripu mtoto mzima."

"Maji yenu baki nayo. Hiyo nyeupe tu. Mfunge."

Muuguzi alicheka, akakata kipande cha plasta akanibandika mkono wa kushoto, palepale alipobandikwa Bukuru. Bibi akashusha pumzi. Bukuru alifungua jicho moja, akaona plasta yangu, akatabasamu. Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana, maana muuguzi alikuwa amechukua kalamu.

"Ana miaka mingapi?"

"Anaingia minane," mama akasema. "Maharage yakishapurwa."

"Saba!" nilipiga kelele. "Andika saba! Ni saba!"

Wodi nzima iligeuka. Mama alinifinya. Muuguzi akaniuliza nani amenihoji mimi. Nililia kwa hasira ya kutoeleweka, na sikuweza kueleza, kwa kuwa Bukuru alikuwa anasikia na sikutaka ajue kuhusu lile shimo.

Sasa mnisikilize hapo kwenye maharage, maana ndipo nilipopatia na kukosea. Sisi hatukuwa watoto wa keki na mishumaa. Tulizaliwa wakati maharage yanapurwa, na mama alituhesabia hivyo: maharage yakikauka, yakitandazwa uani, yakipigwa kwa fimbo mpaka yatoke kwenye maganda, basi amahasa wameongeza mwaka. Kwangu umri haukuwa kitu kinachokuja chenyewe. Ulikuwa kitu kinachofanywa, uani kwetu, kwa fimbo. Na kinachofanywa kinaweza kuzuiwa.

Mama alirudi Titye haraka ili apure, apate cha kupika na kupeleka hospitalini, akamwacha baba na Bukuru. Maharage yalikuwa yametandazwa, yamekauka, yanapasuka yenyewe juani. Nilianza kwa kuficha fimbo. Mama akakata nyingine. Nikaomba mvua. Jua likazidi kuwaka. Nilikuwa situlii, sili, naingia na kutoka, mpaka bibi akaniuliza kama nina siafu. Mchana mmoja mama alipokwenda kisimani, nilichukua ndoo ya maji ya kunywa, nikamwaga yote juu ya maharage. Nikarudi nikachukua na ya kuoshea vyombo. Nilikuwa nalikanyaga lile tope la maganda ili maji yaingie vizuri, ndipo mama akatokea na ndoo kichwani.

"Mana yanje, Mungu wangu! Butoyi! Umerogwa?"

"Sitaki tufike nane."

"Nini?"

"Sitaki tufike nane! Mashine haina nane. Yohana alivunjika. Bukuru akifika nane atakufa, na mimi nitakufa, na wewe unapura!"

Nilitegemea kipigo. Mama alishusha ndoo, akakaa chini palepale kwenye majimaji, akaniambia nianze mwanzo. Nikamwambia yote: kofia, maandishi mekundu, Sadoki aliyegeuzwa nane. Hakucheka hata kidogo. Aliponisikiliza mpaka mwisho alinishika mkono, mikono yake bado inachuruzika maji, akanivuta mpaka nyumba ya Mwalimu Mwanaidi bila hata kubadilisha kanga. Hodi yenyewe aliipiga kwa haraka, na alichouliza sijakisahau.

"Mwalimu, hiyo mashine yenu imemwonaje mwanangu?"

Ndipo nilipoogopa kweli. Nilidhani mama ataniambia ni upuuzi. Kumbe naye alikuja kusikia hukumu.

Mwalimu Mwanaidi alisikiliza, akajifunika mdomo kwa ushungi. "Jamani," alisema, "jamani mwanangu, kumbe ulikuwa umebeba hilo peke yako?" Halafu akatuambia kwamba naye hakulala vizuri. Alikuwa amempigia simu mtu aliyesoma naye chuo, akamweleza, na yule mtu akacheka sana kwenye simu.

Alitupeleka stoo, akawasha jenereta kwa ajili yetu tu. Harufu ikajaa. Aliniambia nitandaze vidole vyangu, kisha nikunje gumba zote mbili.

"Vimebaki vingapi?"

"Vinane."

"Basi mashine ikiona kofia, inadhani unataka ihesabu hivyo, bila gumba. Inaanza sifuri, moja, mbili, inafika saba, imemaliza. Hapo inaanza mkupuo mpya, na kumi yake ni nane yetu. Haijui alama ya nane wala ya tisa, ndiyo maana inalalamika. Haimkatai mtu. Kofia ndiyo iliyoichanganya, na kofia nimewavisha mimi." Akanisogezea kibodi. "Vua kofia."

Niliandika 8, tupu, kichwa wazi. Nikafumba macho nikabonyeza enta. Nilipofumbua, mashine ilikuwa imesema 8.

Nilitaka kukimbia mpaka Kasulu kwa miguu. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Alisogea karibu na kioo, kanga inadondosha maji sakafuni.

"Mwandikie na tisa."

Mwalimu akaandika. 9.

"Kumi."

10.

"Na ishirini, Mwalimu. Akiwa binti."

20. Mama akataka thelathini, akataka arobaini. Mwalimu aliandika kila moja, na kila mara mashine ilikubali. Mama akasema sitini. Akasema themanini, na sauti yake ikakatika katikati. 80. Nilimwangalia mama yangu akitazama ile namba. Sikuelewa kwa nini analia wakati mashine imesema ndiyo.

Niliporudi hospitalini nilimweleza Bukuru kila kitu, kwa pumzi moja, hata lile shimo, kwa kuwa sasa halikuwepo. Alikuwa ameongezewa damu ya baba na midomo yake ilikuwa imepata rangi. Alifikiri kidogo.

"Una hakika?"

"Nimeona. Ukivua kofia inakubali."

"Basi mimi natangulia. Wewe baki saba kwanza. Nikiona ni kuzuri nitakuita."

"Amahasa hawatengwi."

"Mimi ndiye Bukuru," akasema.

Maharage yalianikwa upya, yakanuka uvundo kwa sababu yangu, mwishowe yakapurwa. Bukuru alikuwa amerudi nyumbani, amekaa mlangoni kwenye mkeka, amefunikwa sweta la mama. Mimi nilisimama upande wa pili wa uani, niko saba bado, kwa amri yake. Fimbo ya mwisho ilipopigwa, mama alijifuta jasho. Bukuru akaangalia mikono yake, akaangalia miguu yake, akageuza shingo huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ngeni.

"Butoyi, njoo!" aliita. "Hakuna kitu! Ni kama saba tu!"

Nikakimbia kukatiza maganda, nikaingia nane.

Tulikaa nane pamoja. Tuliimaliza mvua, tuliona maharage mapya yakipandwa na yakichipua. Mifupa ilirudi yakiwa yametoa maua. Safari hii ilikuwa haraka, na mimi nilikuwa shuleni. Nilirudi nikakuta viatu vingi mlangoni na bibi ameketi nje, mikono yake imekaa bure mapajani, bibi ambaye sikuwahi kumwona mikono yake imekaa bure. Sitawapambia hapa. Niliumia, na bado naumia, na ninayo hasira ambayo haijapata mtu wa kumwendea. Mashine ilikuwa imesema ndiyo mpaka themanini.

Mwaka ule maharage yalipurwa na watu wa jirani, mama hakuweza. Nilisimama uani nikasubiri. Hakuna aliyeniita kutoka upande ule. Niliingia tisa peke yangu, mimi mdogo, nimemtangulia Bukuru. Bibi aliendelea kugawa kiazi mara mbili, akilinganisha vipande, na hakuna aliyemkataza. Kile cha pili nilikula mimi, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angekila.

Nilipoingia kumi nilikuwa nimekwisha kuwa mtoto wa kutotulia kama mnavyonijua, wa kuinuka darasani bila ruhusa, wa kutembea mpaka pasipo na kazi. Mchana mmoja nilimwomba Mwalimu Mwanaidi aniachie kompyuta. Aliniwashia jenereta, akatoka, akarudisha mlango. Vile vishale vitatu vilikuwa vinanisubiri. Sikuwa nimepanga. Niliandika kumi yangu, kisha nikarudi nyuma nikaivisha kofia. 010. Enta.

8.

Nilikaa pale. Nikasogeza kiti kidogo pembeni, nikaacha nafasi ya mtu wa pili, maana tulikuwa tumelingana tena. Mwaka ule wote nilikwenda stoo kila nilipoweza. Mwalimu hakuniuliza naandika nini. Nilivuta vumbi lile la moto, niliandika namba moja tu, na mashine ilinirudisha alipo Bukuru bila kuchoka na bila kubishana. Siku hizi lugha ile imerekebishwa. Ukiivisha namba kofia inakataa zote, hata saba. Wenye akili wanasema ni vizuri, inazuia makosa, na mimi kazini nawaambia vijana hivyohivyo.

Kisha maharage yakapurwa tena, nikaingia kumi na moja. Nilikwenda stoo nikikimbia, sikujua naogopa nini. Nilisogeza kiti pembeni kama kawaida. Niliandika 011, nikabonyeza enta.

9.

Bukuru hakuwahi kuwa na tisa. Nikafuta, nikaandika tena 010, nikakaa nayo mpaka jenereta lilipokohoa likazima.